Siku Tuliyosifiwa kwa Kubana Matumizi

Jamani, nikikumbuka kikao kile cha Msata uso unanichoma, na hasira hazijanitoka mpaka leo. Hospitali kadhaa tuliitwa kulinganisha nani anatumia fedha kiasi gani kwenye kompyuta na intaneti, na mimi, fundi kompyuta wa hospitali yetu ndogo ya Bagamoyo, nikapewa kusoma taarifa yetu. Tulikuwa tumetumia kidogo kuliko wote. Bosi wangu, mganga mfawidhi, alichekelea njia nzima: "Shabani, leo tunawafundisha watu kubana matumizi!"

Kubana gani? Intaneti ya hospitali ilishakatwa siku nyingi, mapokezi wanafungua mafaili ya wagonjwa kwa bando la simu yangu, nanunua mwenyewe. Asubuhi ile ilinipasa nimwachie simu Bi Zuhura wa mapokezi, nikajiambia aah, asubuhi moja tu, nikaondoka nayo (mjanja mimi!).

Basi nimesimama mbele na tai yangu, kompyuta imeunganishwa na projekta, na simu yangu nayo nimeiunganisha ili nipate intaneti, nasema kwa madaha, "Mfumo wetu haujawahi kusimama," mara ukutani zikaanza kutokea meseji za Bi Zuhura zinazoingia kwenye simu, kila mtu anasoma: "Shabani, umeondoka na intaneti yetu!" Sijakaa sawa, ikaja nyingine: "Kuna mtoto kaletwa kutoka Kiwangwa anaungua homa, kuna dawa inamdhuru, jina la dawa hiyo limo kwenye faili lake na halifunguki, daktari anaogopa kumchoma sindano. Fanya hima, mwanangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Wanacheka nini, mtoto wa watu anaumwa? Bosi ananikazia macho: "Zima hiyo, unatuaibisha!" Nikachomoa waya wa projekta, nikampigia Bi Zuhura anitajie jina la mtoto, nikafungua faili lake palepale na kumsomea jina la dawa. Kicheko kikakatika.

"Mbona intaneti hiyo ya simu haimo kwenye taarifa?" akauliza mwenyekiti.

"Kwa sababu nalipa mimi, mzee."

Akaguna, akaandika kitu, kisha (wallahi sitanii) akasema, "Hata hivyo hongereni. Kwa kuwa mnamudu, mwakani bajeti yenu ibaki hiyohiyo."

Bosi akapiga makofi! Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini mimi nimeapa: taarifa ijayo bando langu naliandika mstari wa kwanza, na bosi akitaka anifukuze.