Kona Iliyokunjwa Mara Mbili

Huyu fundi bomba alikuwa na ulimi, we acha tu. Pale kwenye kiwanda cha kufua mashuka hakuna fundi mwenzake ambaye yeye hakumcheka kazi yake. Sasa mcheka kilema, siku aliyofunga bomba la mvuke juu ya meza za kupigia pasi, yeye mwenyewe akalikunja upande usio wake.

Bomba la chuma likishakosewa hivyo hutupwa. Ukilinyoosha na kulikunja tena palepale, chuma kinachoka, na presha haina huruma na palipochoka. Aliyajua hayo vizuri sana. Lakini aombe bomba jingine, wale mafundi wasikie? Thubutu! Alilinyoosha, akalikunja upya, akalipaka rangi, kimya.

Na aliyepiga pasi chini ya kona ile ni mkewe.

Basi miezi saba mtu mzima akalala usingizi wa mang'amung'amu. Boila ikiwashwa bomba linatanuka, ikizimwa linarudi, na kila siku kona inazidi kuteseka. Kila asubuhi, kabla bomba halijapata moto, alipanda ngazi akaipapasa. Alimsihi mkewe ahamie upande wa kukunja mashuka; mama akacheka, akasema huo ni wivu wa uzeeni, yeye hawaachi shoga zake.

Jumatatu moja kidole kikakuta rangi imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Boila ilikuwa imeshawashwa. Alifunga koki kuu, akawatoa wanawake wote nje, akamweleza msimamizi kila kitu mbele ya mafundi. Aibu ilimchoma kwelikweli. Bomba likashushwa, likajazwa maji na kupigwa pampu ili kulipima. Hata presha ya kazi halijaifikia, kona ikafunguka mdomo. Hakuna aliyemcheka. Msimamizi alimpa mkono, akasema ameokoa watu.

Akatoka nje roho imetulia, mjinga yule, akitegemea mkewe naye atamshukuru. Mama alikuwa amekaa ukutani na aproni yake mapajani, habari imeshamfikia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyolifunga, mama watoto."

Mkewe aliikunja aproni yake.

"Kumbe kila asubuhi ulikuwa unapanda kuangalia kama leo ndiyo siku yangu," akasema. "Halafu unashuka, unanipisha nikae chini yake."