Udi Hauchomwi

Katika siku zote nilizokaa Birmingham, mwanangu, ipo moja naikumbuka kuliko zote, na ilikuwa Jumamosi ya kawaida tu. Nyumbani kwa Bi Zuhura, bibi yetu sote wa ugenini, mtaa wa Perry Barr, mikeka juu ya zulia, pilau jikoni, sisi vijana tunangojea kusoma maulidi. Anayeongoza kasida ni mimi. Shule sikufika mbali, kazi yangu kubeba vyuma kiwandani Tyseley, lakini pumzi nilijaliwa. Nilikuwa naushika ubeti mwanzo hadi mwisho bila kuvuta hewa, kina mama ndani wanapiga vigelegele.

Siku hiyo nilitoka uani kuvuta bangi na rafiki yangu Saidi. Namtaja, sifichi. Saidi ndiye aliyenifundisha msokoto, na ndiye aliyenionyesha kuuchanganya na tumbaku, eti ufike mbali. Tukarudi ndani tunanuka. Nikachukua chetezo cha Bi Zuhura, nikaubwaga udi wake juu ya makaa mekundu nipoteze harufu. Mficha uchi hazai, nami nilificha. Sebule ikajaa moshi, watu wakaanza kukohoa.

Bi Zuhura akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Nani kaniunguzia udi wangu?"

"Mie, Bi Zuhura. Nilitaka nyumba inukie."

"Nyumba, au wewe?"

Hakugomba. Alipiga magoti, akachota jivu kwa kijiko, akalifunika kaa, kisha akaweka kipande cha udi juu ya jivu. Tukangoja. Moshi huuoni, lakini harufu ilitembea mpaka ngazini.

"Udi hauchomwi," akaniambia. "Hupashwa moto, ukatoa harufu wenyewe. Ukiuchoma unakula moshi wa mti tu. Na hayo majani yenu ya uani, usidhani pua yangu imezeeka. Jiko lina dohani, moshi utoke. Kifua chako dohani yake iko wapi?"

Saidi akaninong'oneza, "Bibi anataka tufukize bangi!" Tulicheka wiki nzima.

Ah, siku zile. Ningerudishiwa Jumamosi moja tu, na jivu lile, na sauti ile.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Miaka ishirini na zaidi niliunguza, kila siku, tumbaku ndani. Bi Zuhura alipofariki, kwenye hitima yake nikaambiwa niongoze kasida aliyoipenda. Ubeti wa kwanza, katikati, pumzi ikakatika. Nikabaki mdomo wazi, wengine wakaupokea. Siku hizi natembea na pampu ya dawa ya kifua mfukoni, na ngazi za stesheni nazipanda kwa vituo. Saidi yuko Northfield, mji huu huu, mzima. Kila Ijumaa ananitumia dua kwenye simu. Kuniomba radhi hajaniomba. Na mkosaji wa pili ni mimi, maana kiberiti nilikishika kwa mkono wangu.

Sasa nisikilize. Kuacha kabisa ndiko bora. Mimi niliacha, nimechelewa. Lakini sikio lako lisilosikia nalijua, nilikuwa nalo. Kama leo huwezi kuacha kuvuta, basi acha kuchoma. Kipo kile kidude cha umeme, vepu ya majani makavu, si ile ya maji yenye ladha za matunda. Unatia majani, kinayapasha bila kuyaunguza, unavuta mvuke badala ya moshi. Ni jivu la Bi Zuhura hilo, limekuja na betri. Na tumbaku usiitie kabisa. Ndiyo iliyonifunga kamba miaka yote nikidhani ni bangi. Muuguzi wa kifua alinambia waziwazi: usalama kamili haupo, ila moshi wa kitu kinachoungua ndio uliokuumiza zaidi. Wala polisi hatakuuliza umechoma au umepasha, kosa ni lile lile. Vidole vitaukumbuka msokoto, najua. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ijumaa nimekusikia, wewe unayeongoza kasida sasa, ukikohoa kati ya ubeti na ubeti. Kikohozi kile nakijua, nimeishi nacho. Wakosaji nimeshawataja, Saidi na mimi. Wewe sikutaji, kwa sababu kifua chako bado hakijapotea.

Mungu akulindie kifua hicho, mwanangu, na kila ubeti utakaouanza akupe pumzi ya kuumaliza.