Waya Uliokatika Tampere

Raili, fundi mitambo wa studio moja mjini Tampere, Finland, ameshamrekodia mpiga piano mmoja mzee santuri saba za jazi. Kila mara mzee huyo huvua viatu, akavipuliza vidole vyake vya mikono, vinene kama vya mpasua kuni, kisha akapiga huku akiguna. Asubuhi ya santuri ya nane, katikati ya wimbo, waya wa piano ulikatika kwa kishindo. Raili akanyoosha mkono azime mashine. Mzee akamkataza kwa kutikisa kichwa, akawa anaikwepa nota iliyokufa, vidole vikikimbia kama sungura aliyekurupushwa, hadi Veijo, mpiga besi, akaangua kicheko. Walipomaliza, Raili alijikuta amesimama.

“Kicheko kimeingia kwenye rekodi, mzee. Turudie?”

“Thubutu. Miaka thelathini napiga na huyu Veijo, leo ndiyo kwanza nimemchekesha.”