Kompyuta ya Baba Mkubwa

Mpaka leo mtu akiniuliza kama kompyuta yake kuukuu inaweza kucheza gemu fulani mpya, mimi humuuliza kwanza kompyuta ni ya nani. Watu hucheka, wanadhani natania. Sitanii. Niliwahi kuipima kompyuta ikaweza, na ningefurahi zaidi kama ingeshindwa.

Tulikuwa tunakaa Mkolani, pembezoni mwa mji, miaka ile ambayo kila kitu cha umma kilikuwa ama kinauzwa ama kinafungwa. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Akawa analima mchicha bondeni na kuwaambia watu kwamba amepumzika. Mama alikuwa anakaanga mapanki njia panda. Minofu ya sangara ilikuwa inapanda ndege kwenda kuliwa na watu tusiowajua, na sisi wa kando ya ziwa tukawa tunauziwa mapanki, yaani vichwa na mifupa, tunaambiwa ndiyo soko huria hiyo. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimesoma kozi ya kupiga chapa, na nilikuwa na cherehani ya miguu niliyopewa na bibi mzaa mama. Kazi ya kupiga chapa sikuipata. Kilichokuwa kinanilisha ni cherehani. Nilikuwa nashona sare za shule barazani kwetu.

Kompyuta aliileta baba mkubwa, yaani kaka yake baba, kutoka Sengerema. Ofisi ya pamba aliyokuwa karani wake ilipofungwa, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua vifaa, naye akachukua kompyuta ingawa kwake hakukuwa na umeme. Akaivusha kwa kivuko imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa, akaitua sebuleni kwetu, maana sisi umeme tulikuwa nao. Akamwambia baba kwamba anamwachia amtunzie. Maneno yalikuwa yaleyale aliyokuwa akiyasema zamani, kabla hatujahamia mjini, alipokuwa akimletea baba ng'ombe.

Kwetu Wasukuma huo ni utaratibu. Mwenye ng'ombe wengi humpa ndugu au rafiki baadhi yao awatunze. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi shambani kwake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na kila ng'ombe anapozaa, mtunzaji lazima apeleke habari. Asipopeleka anahesabiwa mwizi, na hakuna atakayempa hata mbuzi. Baba aliipokea kompyuta kwa mikono miwili, akaifunika kwa kitambaa cha meza. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Kompyuta na ng'ombe, wapi na wapi?

Nilijifunza peke yangu kuitumia, jioni, nikishamaliza kushona. Kila nilipoiwasha, kabla picha haijatokea, kioo cheusi kilikuwa kinahesabu kwanza kumbukumbu yake. Namba zilikuwa zinapanda mbio kutoka sifuri, halafu zinasimama kwenye elfu nane na kitu. Nilizizoea namba zile nikawa naweza kuzitaja nikiwa nimefumba macho. Sikujua kwamba ni chache mpaka nilipokutana na bosi.

Bosi namwita hivyo ingawa hakuwahi kuniajiri. Alikuwa mfanyabiashara kutoka Mara, muuzaji wa viatu vya mitumba nyuma ya soko kuu, mtu wa safari za Nairobi. Vijana wa mjini walikuwa wameshazichoka gemu za kwenye televisheni, kila mtaa ulikuwa nazo. Huko Nairobi alikuwa ameona gemu ya mbio za magari inayochezwa kwenye kompyuta, akainunua, akakodi chumba, akaweka mabenchi, akachorewa hata kibao cha nje. Mimi ndiye niliyemshonea mapazia. Siku ya kuyatundika nikamuuliza kompyuta iko wapi, akasema hiyo ndiyo hana, bei yake inatisha.

Nikamwambia kwetu ipo. Hapohapo akaniwekea masharti ambayo kwangu yalikuwa kama ndoto. Nilete kompyuta, nikae nayo mle chumbani niiendeshe mwenyewe, niwe msimamizi. Kazi ya kukalia kiti, mjini, chini ya feni. Akanipa boksi la gemu nikaijaribu nyumbani, akasema hataki maneno, anataka kuliona gari likikimbia.

Nyuma ya boksi waliandika gemu inataka nini. Nilisoma barazani, kidole kwenye mstari, kama ninasoma hukumu. Kasi ya kompyuta ilikuwa inakaribia kutosha. Kumbukumbu ilitakiwa mara mbili ya ile tuliyokuwa nayo. Na gemu yenyewe ilikuwa kwenye siidii, wakati kompyuta ya baba mkubwa haikuwa na mahali pa kuingiza siidii. Kwa maneno mengine ilikuwa haiwezi. Mtu mwenye akili zake angerudisha boksi na kuendelea na sare zake.

Mimi nilikwenda kwa fundi wa kompyuta mjini. Alikuwa na kipande cha kumbukumbu na kisomeo cha siidii, vyote vimetoka kwenye mashine zilizokufa, na mke wake alikuwa anatafuta cherehani. Mama aliponiona ninaifuta cherehani vumbi aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba msimamizi wa chumba cha gemu hashoni sare. Akanisaidia kuishika upande mmoja mpaka kwenye mkokoteni.

Fundi alikuja na bisibisi, akafungua kava, akachomeka vitu vyake, akaondoka. Nikawasha. Namba zikapanda, zikafika pale zilipozoea kusimama, zikapapita. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniuliza zile ni nini, nikamweleza kwamba kompyuta sasa ina kumbukumbu mara mbili. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema kwamba basi imezaa. Nilicheka tena. Kesho yake alimtuma jirani aliyekuwa anavuka kwenda Sengerema ampelekee kaka yake habari, nami nilidhani ni salamu tu za ndugu.

Gemu ilikubali kuingia, ila gari lilikuwa linakwenda kwa kushtukashtuka, linakwama, linaruka, linakwama. Nilikaribia kulia. Halafu nikagundua kwamba gemu yenyewe inaruhusu kupunguziwa mzigo. Nikaondoa vivuli. Nikaondoa watazamaji, kwani sisi wenyewe tulikuwa tunatosha. Nikaondoa miti, mawingu na kioo cha kutazamia nyuma, nikaipunguza na picha mpaka ikabaki nusu ya kioo. Kila nilipoondoa kitu gari liliongeza mwendo kidogo. Mwishowe likawa linakimbia kwenye barabara tupu isiyo na mti wala mtu, na mimi nikaona ni barabara nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona.

Jumamosi mchana bosi alikuja Mkolani na mguu wa kushoto wa raba mkononi, alikuwa ametoka dukani kwa haraka. Akakaa, akaendesha, akagonga ukuta, akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama alimkaribisha ugali na mapanki, akala. Baba naye aliendesha, akashika kibodi kama usukani. Wakati wa kuondoka bosi alinipa mkono, akaniambia Jumatatu niilete. Nilitembea naye mpaka barabarani, na katika kurudi nilipita njia ndefu kusudi watu wanione. Furaha ile siwezi kuikana, hata sasa nikiwa na hasira.

Jumapili tulipotoka kanisani tulimkuta baba mkubwa amekaa barazani kwetu, pale ilipokuwa cherehani. Alikuwa na mtoto wake wa kiume, kijana wa rika langu ambaye hakuwa na shughuli yoyote, na gari dogo la kubebea mizigo lilikuwa limeegeshwa uani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa upole sana. Alimshukuru baba kwa uaminifu wake wa kupeleka habari. Akasema jirani amemweleza pia kwamba kuna kazi mjini, na kwa kuwa mali ni yake, atakayekwenda nayo ni mtoto wake. Blanketi lilelile alikuwa amelileta.

Sikubisha kuhusu kompyuta. Hilo wengi hawaniamini ninapowasimulia. Nilisema achukue kilicho chake, mimi nitoe vyangu viwili nilivyoviweka, kisha kila mtu aende zake. Nikachukua bisibisi na kupiga magoti mbele ya mashine.

"Mwanangu," baba mkubwa akasema, "ng'ombe wangu akinenepa kwako, siku ya kumchukua utamkata ule unene ubaki nao?"

Nilimgeukia baba. Nilimgeukia kwa sababu alijua cherehani ilikwenda wapi, alikuwepo, aliuona mkokoteni ukitoka. Nilisubiri aseme neno moja tu. Yeye alikuwa anatazama blanketi.

"Weka bisibisi chini," akasema. "Maziwa ulikunywa."

Nikaiweka. Mama aliingia ndani, tukamsikia akihamisha masufuria ambayo hayakuhitaji kuhamishwa. Wale wawili wakaifunga kompyuta, wakapakia, na baba akawasaidia kuinua, akiwaonya wasiigonge. Alikuwa anajali kweli. Kama angekuwa anajifanya ningemsamehe mapema zaidi.

Bosi hakuwa na ubaya, na hilo nalo liliniuma. Alikuwa anahitaji kompyuta, ikaja, mambo yakaisha. Nilipokwenda kumweleza alinisikiliza akiwa anapanga viatu, akaniambia mambo ya ukoo yeye hayaingilii. Nilirudi kwa fundi kuuliza habari za cherehani. Mke wake alikuwa ameshaipeleka kwao, na hata kama ingekuwepo, nisingekuwa na cha kuikombolea. Basi nikakaa na mama njia panda, nikageuza mapanki kwenye mafuta. Wateja wa sare walipita wakiniuliza mbona siku hizi sishoni.

Mwezi haukwisha bosi akanitumia mtu. Gemu ilikuwa inakwama, vijana wanazomea, wanadai warudishiwe chao. Nilikwenda, nikijiambia ninakwenda kutazama tu. Chumba kilikuwa kimejaa, mapazia yangu yamefungwa, feni inazunguka. Binamu yangu alikuwa kwenye kile kiti. Alikuwa amerudisha kila kitu, vivuli, mawingu, miti, watazamaji wote, kwa sababu alitaka ipendeze. Gari lilikuwa linashtukashtuka katikati ya miti yake mizuri.

Bosi alisema kwamba niwe napita mara mojamoja kuitengeneza, na nikija nitaruhusiwa kucheza bure. Nadhani alikuwa anaona ananitendea wema. Binamu yangu akaizima na kuiwasha upya ili nione tatizo linavyoanza. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo cheusi, zikafika pale zilipokuwa zinasimama zamani, zikapapita. Kutoka pale kwenda juu ilikuwa ni cherehani yangu. Nilingoja mpaka zikaisha, nikawaambia siijui kasoro hiyo, nikatoka nje kwenye jua.

Jioni nilimkuta baba anamwagilia mchicha. Alinyoosha mgongo, akaniuliza kama nimefika kule, na kama kompyuta ya kaka yake haijambo. Aliuliza kwa nia njema, kama mtunzaji anavyouliza habari za ng'ombe aliyeondoka zizini mwake.

Nikamjibu haijambo, imenenepa. Alifurahi kusikia hivyo, akarudi kwenye mchicha wake.