Mama Sunhi Alipokamata Usukani

Sisi tuliokulia Norsborg, kitongoji cha mji mkuu wa Uswidi, miaka ile treni ya chini kwa chini ilipofika kwetu kwa mara ya kwanza, tukikutana leo hatumalizi. Mmoja ataanza tu, mnakumbuka kilima cha nyuma ya shule? Basi, chai itapoa mezani. Tulikuwa tunateleza kwenye theluji tumekalia mifuko ya nailoni, makalio yamekufa ganzi, kamasi zimeganda, na hakuna aliyetaka kuitwa nyumbani. Niliwafundisha watoto wa Kiswidi kucheza rede, wakaicheza na glavu mikononi. Pipi tulikula Jumamosi tu. Siku nyingine tulizizungumzia. Wanangu nilipowasimulia hayo waliniuliza kama tulikuwa kifungoni.

Wazazi wangu walitokea Dodoma. Baba alikuja kusomea ufundi wa mitambo, Mama akapata kazi ya usafi hospitalini. Mlango unaotazamana na wetu walikaa Wakorea: Sunhi, tuliyekaa naye dawati moja, mdogo wake Minho, na wazazi wao. Baba yao alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mpole aliyetuundia kigari cha theluji chenye usukani wa kweli. Mama alishindwa kutamka jina la mkewe, akamwita Mama Sunhi kama tunavyoitana kwetu. Jina likashika kwa wote tuliotumia ngazi ile ya ghorofa. Bibi mmoja wa Kiswidi wa ghorofa ya chini alidhani ndilo jina la ukoo.

Unga wa mahindi haukupatikana, kwa hiyo Mama alisonga ugali wa semolina. Mama Sunhi alichachusha kabichi kwa pilipili na vitunguu saumu, harufu ikapanda mpaka ghorofa ya mwisho. Mimi na Sunhi tuligundua kwamba ugali ule na kabichi ile vilizaliwa kwa ajili ya kukutana. Tulikula mpaka masikio yakawaka moto.

Halafu Jumatatu moja ya baridi kali baba yake Sunhi alitoka kwenda kazini na hakufika. Gari lake dogo la kijani aliliacha kwenye maegesho kwa sababu ya utelezi, akasema atapanda treni. Polisi walikuja, wakauliza, wakazunguka ufukweni mwa ziwa na mbwa, wakaondoka. Ngazini watu walisema yao. Wako waliosema ana mwanamke Ujerumani, alikowahi kufanya kazi. Wengine walisema ameanguka ziwani. Mama alitukataza kabisa. "Mambo ya watu hayaulizwi ngazini," alisema, "yanapelekewa chakula." Akaninyooshea sufuria niipeleke.

Theluji ikalifunika lile gari likawa kichuguu cheupe. Hakuna mtoto aliyethubutu kulipanda, ingawa kila kichuguu kingine tulikipanda. Shuleni Sunhi alisema baba amesafiri, na mimi niliitikia kwamba ndiyo, amesafiri.

Nyumbani kwao mambo yalikuwa magumu. Mama Sunhi alikuwa hajui Kiswidi cha kutosha, kwani mumewe ndiye aliyemsemea kila mahali. Kaka yake aliyekuwa Ujerumani akawa anapiga simu akimtaka afunge mizigo awalete watoto kwake. Sunhi aliniambia habari hiyo chooni shuleni, tukalia wote wawili tukiwa tumejifungia. Wakati huohuo jiko la nyumba moja ya wazee lilikuwa tayari kumwajiri, lakini kazi ilianza kabla ya treni ya kwanza, na mahali penyewe hakuna basi.

Aliyaeleza hayo jikoni kwetu, kwa Kiswidi cha vipande vipande.

"Gari lipo," akasema. "Mimi sijui kuendesha."

"Mimi najua," Mama akasema. "Leseni ninayo. Gari ndilo sina."

Wakatazamana. Kisha wakacheka, na ilikuwa mara ya kwanza Mama Sunhi kucheka tangu ile Jumatatu.

Jumapili iliyofuata alishuka na ufagio akaanza kupangusa theluji. Sunhi alikimbia akamshika mkono. Akamwambia baba akirudi atalikuta gari halipo pale alipoliacha. Mama yake hakuacha kupangusa. "Akirudi," alisema, "atatuona tunamjia nalo." Sunhi akamwachia mkono, akaanza kupangusa kioo cha nyuma kwa mikono yake. Basi sote tukalivamia lile gari, Minho juu ya boneti, Wafini wa ghorofa ya juu na koleo zao.

Jamani, raha ya Jumapili zile! Watoto wa majengo matatu tulijipanga pembeni kama tuko uwanjani. Mama alijifunzia udereva kwetu Dodoma, ambako magari hupita kushoto, akaja kulazimika kuhamia kulia, hivyo maelekezo yake yalichanganya Kiswidi, Kiswahili na mikono. Gari lilizimika, likaruka kama chura, likazimika tena. Tulisukuma mpaka tukavua makoti. "Klachi, mama, klachi! Polepole!" Mama Sunhi akawa anarudia polepole, polepole, meno ameyauma, macho mbele.

Mtihani wa kwanza alishindwa. Alirudi akajifungia chumbani, simu ya Ujerumani ikaita, na tukajua tumekwisha. Lakini Jumapili alishuka na funguo mkononi kama kawaida.

Mara ya pili theluji ilikuwa imeyeyuka. Tulikataa kula, tukakaa ukingoni mwa maegesho tukitazama barabara. Minho ndiye aliyeliona kwanza. Gari la kijani lilikuwa linakuja polepole mno, honi ikilia bila kuachiwa, Mama ametoa nusu ya mwili dirishani anapiga vigelegele. Waswidi walifungua madirisha kuona kuna nini. Tulilikimbilia tukipiga kelele, na Sunhi alifungua mlango kabla halijasimama vizuri akamrukia mama yake.

Walibaki. Mama Sunhi alifanya kazi kwenye lile jiko mpaka akawa mkuu wake. Majira hayo ya joto alitujaza wote kwenye gari akatupeleka baharini, tumekaliana, tunaimba. Baba yao hakupatikana, na mpaka leo hatujui kilichompata. Sunhi, ambaye sasa anaishi Sundbyberg, aliniambia aliacha kumtafuta kwenye nyuso za watu siku alipopata mtoto wake wa kwanza, halafu akasema hapana, hakuacha.

Binti yangu ana miaka thelathini na hana leseni. Anasema treni zinatosha. Jirani wa mlango wa pili hamjui jina, ila anamjua mbwa wake. Akiwa safarini simu yangu inanionyesha alipo, kidoti cha buluu kinachotambaa barabarani, na pengine kingekuwepo zamani tungejua jambo moja tusilolijua. Akiniaga na kuniona nimesimama dirishani huniambia kwa Kiswidi, mama, si unaniona kwenye simu? Namwona, ndiyo. Lakini sisi wa enzi zile mtu akitoka tulimsindikiza kwa macho mpaka akate kona, na mimi bado nasimama pale.