Mama Mkwe Alivyonikuta Ndani ya Mti

Jamani, hii aibu nimeificha miaka, na kama si mke wangu kuisimulia kila tukialikwa nyama choma hapa Cedar Hill, Texas, tena akiongeza chumvi, ningezikwa nayo, kwa hivyo leo nisikilizeni mimi mwenyewe mwenye miguu iliyohusika.

Mwaka ule mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kututembelea kwa mara ya kwanza, na mjue huyu mama hakunitaka tangu mwanzo, alisema dereva wa lori hana mke, ana vituo. Sasa mimi nilikuwa nimeapa atarudi nyumbani akinisifu, nikawa namsalimia kwa mbali bila kumpa mkono kama mila yetu Wabukusu inavyotaka, suruali imepigwa pasi, natembea nyumbani kwangu mwenyewe kama mgeni. Siku moja akaona kwenye kalenda picha ya ile miti mirefu ya California wanayoiita redwood, akasema, "Hii miti ningependa kuiona kabla sijafa." Basi! Nikaomba likizo, nikampakia mama kwenye gari pamoja na mke wangu Nafula na binti yetu Nekesa wa miaka saba, tukaendesha kutoka Texas mpaka huko.

Tulikubaliana wao walale moteli mjini, maana nyumbani angalau kuna kuta, lakini mtu na mama mkwe hawalali kambi moja, na mimi nikapiga hema mbugani niwatayarishie mahali pa kushinda. Nafula alisema watakuja baada ya chakula cha mchana. Asubuhi nikaona kuna kijito karibu, nikajiambia hapa nani ananijua, nikaianika suruali yangu iliyoloa umande, nikavaa kaptura (ya njano, tena ya kubana, niliinunua nikidhani California yote ni joto, kumbe kule msituni ni baridi kama friji) nikaenda kuchezea maji. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu lote.

Narudi hivi, nasikia sauti ya Nafula. Wamekuja mapema! Na mama mkwe amesimama kati yangu na hema. Kwetu mkwe kuona mapaja yako si mchezo, wazee wameitwa kikao kwa mambo madogo kuliko hayo. Kando yangu palikuwa na mti ulioungua zamani ukabaki na shimo chini, shimo la kuingia mtu na ng'ombe wake, nikachomoka nikaingia, nikisema moyoni ni dakika mbili tu, wakigeuka nitakimbilia suruali.

Hawakugeuka. Mama aliona suruali kwenye kamba, viatu chini yake, mwenyewe hayupo, na langoni alikuwa ameonyeshwa bango la dubu. "Nafula!" akapiga kelele. "Mnyama amemla baba wa mtoto, ameacha nguo!" Nafula akakimbia kuita askari wa mbuga, askari wakaja na redio zao, wazungu wa mahema ya jirani wakaacha kahawa wakaingia msituni wakiita jina langu (walivyolitamka hata nisingejificha nisingeitika), na kila nilivyozidi kukaa ndivyo kutoka kulivyozidi kuwa kugumu, maana sasa ningetoka niseme nini?

Halafu mama, miguu ikimuuma, akamshika Nekesa mkono wakaja kukaa kwenye mzizi wa mti. Mti gani? Wangu. Nikabana pumzi. Akaanza kuomba, kwa Kiswahili ili mtoto afuate.

"Bwana, huyu kijana nilimkataa, wewe unajua. Lakini nimekaa kwake. Nimemwona akimpigia binti yangu pasi sare za hospitali kabla ya zamu, akidhani nimelala. Nimemwona akimsuka mtoto nywele, vibaya, lakini anasuka. Hata wanangu wa kiume hawajawafanyia wake zao hivyo. Mrudishe, Baba. Hata kama mnyama amekula mguu mmoja, mrudishe hivyo hivyo."

Machozi yalinitoka. Nawaambia kweli, nilimpenda mama yule kama aliyenizaa. Na mimi nimelelewa kanisani, mtu akiomba namna hiyo mdomo haungoji ruhusa.

"AMINA!"

Lile shimo likaipokea sauti, ikatoka kama spika ya mkutano wa injili.

"Kukhu," Nekesa akamwambia bibi yake, "the tree said amen!"

Mama alisimama kwa wepesi ambao sikuwa nimeuona tangu uwanja wa ndege. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Baba Nekesa."

"Umeumia?"

"Hapana, Mama."

"Sasa mbona hutoki?"

"Mama... nimevaa kaptura."

Akageuza uso kule, akafungua leso kiunoni, akairusha nyuma mpaka ndani ya shimo bila kuangalia. Nikajifunga nikatoka, askari wananitazama, wazungu wanapiga makofi, Nafula analia na kucheka huku akinipiga mgongoni kwa viatu vyangu mwenyewe. Kaptura niliitupa kwenye pipa siku hiyo hiyo, na nimeapa, mkwe akipiga simu tu, kwanza natafuta suruali ndefu ndipo naipokea.

Lakini mama hakuwa amemaliza. "Tufunge macho," akasema, bado amenipa mgongo. "Bwana, asante kwa kumrudisha mzima. Na yale mengine niliyosema, nilikuwa nakuambia wewe, si yeye. Asivimbe kichwa."

Nikaitikia amina, safari hii kimoyomoyo.