Mbuzi wa Juu ya Mutsamudu

Sikwenda Mutsamudu kutembea. Dada yangu Zaina, aliyeolewa huko kisiwa cha pili, alikuwa amejifungua na damu ikamtoka nyingi, na baharia mmoja alinieleza bandarini Moroni kwamba hawezi hata kusimama. Daktari kasema apewe nyama na supu. Nyama yenyewe ipatikane wapi? Ulikuwa wakati wa serikali ya Ali Soilih, ofisi zimefungwa, sisi makarani tumerudishwa majumbani. Ninyi wa Unguja mlizisikia habari zetu redioni, sisi tulilala nazo njaa.

Asubuhi niliteremka kwa miguu kutoka Mvouni hadi bandarini, nikapanda boti ya mizigo. Vijana wa kamati, walinzi wa serikali ile, walinipekua hata ndani ya viatu. Bahari ilinitapisha njia nzima.

Mutsamudu nilipokewa na shemeji yangu, Fundi Madi. Fundi ndivyo wanavyomwita mwalimu wa dini huku, na huyu alisomea Unguja, Kiswahili chake kinanishinda mimi. Kufundisha alikwisha katazwa. Zaina alikuwa kalala, midomo myeupe. Akanitania, "Kaka, ni wewe uliyekonda hivyo, au mimi ndiye nisiyeona?" Nilitoka uani nikalia.

Fundi aliniambia kwamba mlimani kuna mbuzi waliotoroka zamani, wakageuka wa mwitu, hawana mwenyewe. Bunduki zote zilikuwa zimekusanywa. "Basi tutumie upinde," akasema. Mimi karani, yeye mtu wa vitabu, hakuna kati yetu aliyewahi kuua hata kunguru! Tulichonga upinde wa mti wa mpera, kamba yake mshipi wa kuvulia, na ncha za mishale ni misumari tuliyoiponda ikawa bapa. Tukawa tunalenga mgomba nyuma ya nyumba mpaka vidole vikachubuka.

Siku zilizofuata tulipanda kupeleleza, tukapita mashamba ya mikarafuu mpaka kwenye msitu wa ukungu. Tulitafuta mavi mabichi, majani yaliyotafunwa, na njia wanayoshukia kunywa maji. Fundi alikuwa akipeperusha majani makavu apate kuujua upepo. Njiani akanisomesha na sheria yake.

"Mbuzi aliyekwisha kuwa mwitu hukumu yake ni ya windo. Sema bismillahi, ndipo uachie. Mshale ukimuua, halali. Ukimkuta hai, mchinje. Lakini akiporomoka akafa kwa kuporomoka, huyo kibudu."

Tulichagua jiwe la kujificha, upepo unatupiga usoni, njia ya mbuzi iko mbele yetu karibu kabisa. Tulifurahi kama watoto. Ng'ambo ya njia ile palikuwa na genge, mteremko mkali wa mawe, wala hatukulitazama mara mbili.

Alfajiri tuliyoichagua, mbuzi walikuja kweli. Nilisema bismillahi, nikaachia. Mshale ulimwingia beberu mmoja pajani. Aliruka upande ule ule wa genge, tukasikia mawe yakibiringika, kisha kimya. Tuliteremka tukishika mizizi. Tulimkuta kwenye kijito, shingo imevunjika, kichwa ndani ya maji. Fundi alimpapasa kifua, kisu mkononi.

"Bado ana joto," nikasema.

"Joto si uhai, shemeji."

"Na dharura je? Mkeo anakufa!"

"Dharura naijua. Mimi ningempa. Lakini Zaina hatakubali, unamjua dadako."

Nilimjua. Wiki ile ile alikuwa amerudisha supu ya jirani kwa sababu hakuelezwa kuku kachinjwa na nani. Fundi alikaa juu ya jiwe muda mrefu. Kisha akainuka, akamkata mbuzi shingo, damu ikatoka kidogo, nyeusi. Tukamfunika kwa kuni, tukashuka naye kwa vichochoro ili kamati wasimwone wakatunyang'anya.

Jioni nyumba ilinukia supu. Zaina aliketishwa, akashika bakuli, akauliza, "Mlimwahi?"

Nilifungua mdomo, Fundi akanitangulia. "Nilimchinja kwa mkono wangu."

"Akiwa hai?"

"Akiwa hai."

"Basi njoo tule."

Fundi akasema hana njaa. Hakuna mtu Mutsamudu asiyekuwa na njaa mwaka ule. Zaina alimtazama, kisha akaliweka bakuli chini. Fundi akaja, akakaa mbele yake, akachukua pande la nyama akatafuna. Machozi yalimtoka, akasema ni pilipili. Ndipo Zaina akala, mpaka mifupa akaifyonza.

Siku ya kuondoka nilimwacha anakaa mwenyewe, anamnyonyesha mtoto. Kuhusu kuwinda nilijifunza kidogo, tena kwa uchungu: tulipeleleza upepo, nyayo na maficho, tusipeleleze mnyama atakimbilia wapi akijeruhiwa. Fundi alinisindikiza hadi bandarini. Nikamwambia asijitese, Mungu ni mwenye kusamehe, na mke kamponya.

"Najua," akasema. "Lakini kila tukikaa kula ananishukuru, ananiambia mume wangu umenilisha halali. Wewe unapanda boti, shemeji. Mimi narudi kula naye."